Hesabu ya Samaki Hufanywa Alfajiri

Mwezi uliopita kijana wangu, ambaye ni askari polisi mjini Kampala, alinipigia simu wakati wa jioni akaniuliza swali ambalo hakudhani hata kidogo kwamba lingenigusa moyoni. Alikuwa amenunua tangi la kioo la kufugia samaki, apate kuwafurahisha watoto wake katika nyumba yao ya kambini. Muuzaji alikuwa amemwonyesha wale samaki wembamba wenye milia myeusi, ambao wafugaji huwaita samaki malaika kwa sababu mapezi yao marefu hufanana na mabawa.

"Mzee," akaniuliza, "katika tangi hili wanaweza kukaa wangapi? Muuzaji asema hata ishirini wataenea."

Nilinyamaza kidogo. Mama watoto, aliyekuwa ameketi karibu nami akichambua maharagwe, aliinua uso akanitazama, kisha akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Alijua kwa nini nimenyamaza. Nikamwomba kijana anipe siku mbili za kufikiri. Na kwa kuwa najua wako askari wengi, wa jeshi na wa polisi, ambao hupenda kufuga samaki nyumbani, ama kwa kuwatazama ama kwa kuwala, nimeona ni heri jibu lile nililiandike hapa, pamoja na kisa chake chote.

Nilistaafu utumishi wa polisi nikiwa na cheo cha sajini, nikarudi nyumbani Kitswamba, katika wilaya ya Kasese. Kwetu mtu akisimama uani asubuhi huiona milima ya Rwenzori upande wa magharibi, na upande wa pili nchi huteremka kwenda kwenye tambarare za Ziwa George. Watu wa sehemu hizi tumelelewa kwa ngege wa Katwe, Katunguru na Hamukungu. Lakini bei ya samaki ilikuwa imepanda, nami nilikuwa na kipande cha ardhi, na fedha kidogo za kiinua mgongo, na mikono isiyozoea kukaa bure. Basi mwaka 2022 nikaamua kuchimba bwawa la samaki.

Sikuwa mjinga katika kila jambo. Nilikuwa nimeyaona mafuriko ya Mei 2020, mito ya Nyamwamba na Mubuku ilipoacha njia zake ikachukua nyumba, madaraja na mashamba ya watu. Kwa hiyo sikuchimba kando ya mto. Nilichagua mahali penye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, panapofikiwa na mfereji mdogo. Bwawa lilikuwa na urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Kina chake kilianzia sentimita 80 upande mmoja hata kufikia mita 1.2 upande wa pili. Nikatia chokaa, nikatia samadi ya ng'ombe, nikayafungua maji. Baada ya siku chache yakageuka rangi ya kijani, kama ipasavyo, kwa maana ukijani ule ni mimea midogo sana ambayo ni chakula cha ngege.

Afisa wa uvuvi alikuja akalitazama bwawa, akalisifu. Kisha akachukua kijiti akaandika hesabu mchangani: mita 20 mara mita 10 ni mita za mraba 200; samaki wawili kwa kila mita ya mraba; jumla samaki 400. Akaniambia kwamba mfugaji mwenye chakula cha kutosha na maji yanayopita vizuri aweza kufika hata samaki 600, lakini mtu anayeanza asivuke 400.

Ndugu msomaji, nilimwona mtu yule kuwa mwoga. Nilikuwa nimewaona vifaranga vya ngege kule vinakouzwa, kila kimoja urefu wa kidole. Vifaranga 400 vya namna hiyo katika bwawa langu vingepotea kabisa, nisivione tena. Nami nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu yangu mwenyewe: kama samaki 400 wataleta faida kiasi fulani, basi samaki 2,000 wataleta faida mara tano. Hesabu hiyo haina kosa lolote katika daftari. Kosa lake liko majini.

Mama watoto alinipinga waziwazi. "Baba watoto," akasema, "umekwisha kusahau chumba chetu cha kambini? Watu saba, dirisha moja, na usiku dirisha lenyewe tunalifunga kwa sababu ya mbu. Tulikuwa tukiamka vichwa vinauma. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilalamika. Sasa wataka kuwafanyia samaki jambo lile lile?"

Nilimjibu kwamba samaki si watu. Naye akanijibu, "Sawa, Afande." Mke wangu huniita Afande pale tu anapoona kwamba nimeacha kusikia.

Lakini lililo baya zaidi sijalisema bado, na nalisema sasa kwa aibu. Fedha zangu hazikutosha kununua vifaranga 2,000 pamoja na chakula chao. Mke wangu alikuwa na akiba yake katika kikundi cha akina mama, akiba aliyoipata kwa kulima mahindi na maharagwe, naye alikuwa ameiweka kwa ajili ya karo ya binti yetu, aliyetazamiwa kuingia kidato cha tatu mwanzoni mwa mwaka 2023. Nilimwomba fedha hizo. Alipokataa niliomba tena, na mara ya tatu sikuomba. Nilisema kama mtu atoaye amri. Nikaahidi kwamba nitauza samaki mwezi wa Desemba na kuirudisha akiba yake maradufu kabla shule hazijafunguliwa.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Kila nilipotupa pumba, maji yalichemka kwa wingi wa samaki, na majirani walikuja kutazama. Nilisimama kando ya bwawa mikono nyuma, kama mkuu wa kituo anayekagua gwaride. Mwezi wa nne nikaona vijisamaki vidogo kama sindano ukingoni mwa maji. Ngege wangu walikuwa wamezaa! Nikamwita mama watoto nikamwambia kwamba faida imezaa faida. Alitazama, hakusema neno.

Sikujua wakati ule jambo ambalo kila mfugaji wa ngege hana budi kulijua. Ngege huzaa mapema mno, angali mdogo, na jike huyabeba mayai yake na watoto wake kinywani hata wapate nguvu, ndiyo maana wengi wao hupona. Madume na majike wakiwekwa pamoja bila kuchaguliwa, baada ya miezi michache bwawa hujaa vizazi viwili na vitatu. Chakula ni kile kile, maji ni yale yale, walaji wameongezeka. Hapo samaki huacha kukua. Badala ya kupata samaki wa kuuza, mtu hupata maelfu ya samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, ambao wamezeeka bila kunenepa. Mwezi wa sita samaki wangu walikuwa hivyo. Nami nilidhani dawa yake ni kuwaongezea samadi na chakula.

Mwezi wa Novemba mvua zilikuwa zimeshika. Kwa muda wa siku tatu hatukuliona jua. Mawingu yalishuka kutoka Rwenzori yakatulia juu yetu. Jioni ya siku ya tatu niliwapa samaki pumba nyingi, nao hawakuzila zote, zilizobaki zilizama. Sikulijali jambo hilo. Nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri mama watoto aliniamsha. "Sikiliza," akasema. Nilisikia sauti kama ya manyunyu yanayoangukia majani ya migomba. Nikamwambia ni mvua, alale. Akasema, "Mvua gani isiyogonga bati letu?" Tukatoka na tochi. Hapakuwa na mvua. Sauti ile ilitoka bwawani: uso wote wa maji ulikuwa umejaa vinywa, mamia kwa mamia, vikifunguka na kufunga, samaki wakivuta hewa ya juu kama watu waliofungiwa chumbani.

Tuliufungua mfereji. Tuliteka maji kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Binti yetu aliingia majini na nguo zake za kulalia akayapiga maji kwa ubao. Majirani walikuja kusaidia. Lakini bwawa lilikuwa kubwa kuliko mikono yetu, na jua lilipochomoza matumbo meupe yalikuwa yameenea kila upande. Niliwahesabu waliokufa, kwa maana kazi ya kuhesabu nimeifanya maisha yangu yote. Wale wakubwa walikuwa 1,140. Wadogo hawakuhesabika. Tukachimba shimo tukawazika.

Afisa wa uvuvi alipokuja hakunicheka. Alinieleza tu. Samaki huvuta hewa ya oksijeni iliyomo majini. Mchana ile mimea midogo ya kijani, kwa nguvu ya jua, huitengeneza hewa hiyo na kuyajaza maji. Usiku haitengenezi, nayo yenyewe huvuta kama samaki wanavyovuta. Samadi na chakula kinachooza chini vilevile huila hewa hiyo. Kwa hiyo maji huwa tajiri kuliko saa zote wakati wa alasiri, na maskini kuliko saa zote muda mfupi kabla ya mapambazuko. Siku za mawingu mazito akiba ya mchana huwa ndogo, na deni la usiku huwa lile lile. "Sajini," akaniambia, "wewe uliwahesabu samaki wako mchana. Bwawa halihesabiwi mchana. Huhesabiwa alfajiri."

Sijapata kusikia neno lililonifaa zaidi ya hilo, na lau ningalilisikia miezi sita mapema ningaliokoa mengi. Samaki waliosalia niliwauza kwa bei ya kutupa. Fedha hazikufikia hata robo ya akiba niliyoichukua. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Februari 2023, binti yetu alibaki nyumbani muhula mzima wa kwanza. Hakunilaumu. Kila asubuhi aliniamkia kwa heshima ile ile ya siku zote, akachukua jembe akamfuata mama yake shambani. Jambo hilo liliniuma kuliko kama angalilia. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini mara nyingi mauti yale humwangukia asiyekuwa na tamaa.

Mwaka huo huo tulianza upya, kwa masharti ya mama watoto. Sharti la kwanza lilikuwa vifaranga 400, asizidi hata mmoja. La pili, daftari likae mkononi mwake, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. La tatu, siku za mawingu tusitie samadi wala chakula kingi. Ngege walipokua kiasi, tukaongeza kambale wachache, wadogo kuliko ngege wenyewe, ili wavile vijisamaki vinavyozaliwa na wasiwadhuru wakubwa. Kila siku mama watoto hutumbukiza mkono majini hata kiwikoni: akikiona kiganja chake vizuri, maji yahitaji mbolea kidogo, asipokiona hata mkono ukiwa nusu, mbolea imezidi. Na kila mara mmoja wetu huamka kabla ya mapambazuko akatazame uso wa maji. Ukiwa umetulia, hurudi kulala kwa amani.

Baada ya miezi minane tulivua ngege 352, wengi wao wa gramu 300 hivi. Jumla ilizidi kidogo kilo 100. Wale 2,000 hawakunipa hata kiasi hicho. Siku ya mauzo niliziweka fedha zote mezani mbele ya mke wangu, sikusema neno, naye akazihesabu mara mbili, akaandika. Binti yetu alikuwa amekwisha kurudi darasani tangu muhula wa pili, kwa fedha tulizokopa, na mkopo huo ndio tuliolipa kwanza.

Jambo hili si la bwawa langu peke yake. Ziwa George lenyewe, ambalo sisi huliona kubwa, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 250 tu, na kina chake kwa wastani hakizidi sana mita mbili na nusu. Ndiyo maana tangu enzi za ukoloni mitumbwi ya ziwa lile imewekewa idadi na leseni, ili kila kijiji cha wavuvi kiwe na kiasi chake. Wako wasomaji wa gazeti hili ambao wamefanya kazi katika kikosi cha jeshi cha kulinda uvuvi, kilichoanza kazi ziwani mwaka 2017. Wao wanajua jinsi ilivyo vigumu kumweleza mtu mwenye mtumbwi wake kwamba maji yana mpaka. Mimi nawahurumia wote wawili, mwenye mtumbwi na askari, kwa sababu nimekuwa pande zote mbili.

Sasa nirudi kwenye tangi la kijana wangu. Nilimwambia alipime kwanza. Lina urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Zidisha: ni sentimita za ujazo 200,000, yaani lita 200, na kwa kuwa halijazwi hadi ukingoni, na chini mna mchanga na mawe, tuseme lita 170 au 180. Kimo hicho chafaa, kwa sababu samaki malaika ni mrefu kwenda juu kuliko kwenda mbele. Akikomaa, mwili wake hufikia sentimita 15 hivi, na mapezi yake kutoka juu hadi chini hufikia sentimita 20 na zaidi. Yule anayeuzwa dukani, mdogo kama sarafu, ni mtoto. Muuzaji asemaye kwamba ishirini wataenea asema kweli ya siku ile tu, kama mimi nilivyosema kweli juu ya vifaranga vyangu.

Tena samaki huyo, ingawa asili yake ni mto Amazon na mito mingine ya Amerika ya Kusini, ni wa ukoo mmoja na ngege wetu. Nilipolijua hilo nilicheka, kwa maana tabia ni zile zile. Wakikomaa, dume na jike hushikana wawili, huchagua pembe yao, na wakitaga mayai huwafukuza wengine wote kwa ukali usiolingana na jina lao la kimalaika. Katika tangi lililojaa, anayefukuzwa hana pa kukimbilia. Huraruliwa mapezi, huacha kula, hufa.

Basi jibu langu lilikuwa hili. Anunue sita walio wadogo, wala asiwatie siku ile ile anayojaza maji. Tangi jipya lisubiri, kisha waingizwe wawili au watatu, na wengine baada ya majuma kadhaa, kwa sababu uchafu wa samaki huwa sumu mpaka vijidudu vyema vinavyousafisha vizaliane mchangani na katika kichujio. Maji ya bomba yawekwe kwenye ndoo wazi siku nzima ili dawa ya klorini itoke. Kila juma robo ya maji ibadilishwe. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Samaki wakikomaa, wanne hukaa kwa utulivu katika tangi la kiasi hicho. Wawili wakioana na kuanza vita, waliosalia watafutiwe nyumba nyingine mapema.

Na juu ya hayo yote nikampa amri moja, ya mwisho ninayodiriki kumpa mtu kuhusu samaki. Pampu ya hewa huendeshwa kwa umeme, na umeme hukatika. Tangi lenye samaki wachache huvumilia usiku mmoja bila pampu, lililojaa halivumilii. Kwa hiyo aamke kabla ya mapambazuko, kabla ya kuwasha taa, akamulike kwa tochi. Akiwaona samaki wametulia katikati ya maji, idadi ni sawa. Akiwaona wamepanda juu wanahema, idadi imezidi, hata kama mchana tangi huonekana tupu.

Juzi amepiga simu tena. Amenunua sita. Wajukuu wangu wanalalamika kwamba tangi halina watu, na mdogo wao ameuliza kama babu ni mchoyo. Nilimwambia kijana awaeleze wasubiri mwaka mmoja. Mama watoto akaniomba simu, akamwuliza mwanawe swali moja tu: katika chumba kile cha kambini, usiku hulala watu wangapi, na dirisha hulifunga au hulifungua?

Kijana alijibu kwamba ni sita, na dirisha hulifunga.

"Basi kanunue wavu wa mbu," mama yake akasema, "mlifungue."